Kufuga Samaki ni Kufuga Maji



Nianze na takataka. Kila asubuhi katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hadi Mtwara, kuna mtu anafagia majani ya mkungu. Mti huu hauhitaji utambulisho hapa. Kivulini mwake huuzwa kahawa na kuchezwa bao, na kungu zake watoto huzigonga kwa jiwe wapate kiini. Majani yake ni mapana, huwa mekundu kabla ya kuanguka, kisha hukauka yakawa ya kahawia na kuvunjikavunjika chini ya ndala. Sisi huyakusanya tukayachoma. Ulaya na Marekani jani hilo hilo ni bidhaa: hupangwa kumikumi ndani ya mfuko, huandikwa bei, na anayelinunua ni mtu mwenye tangi la samaki. Hulisuuza, hulitumbukiza majini, na baada ya siku mbili tatu maji yanapata rangi ya chai ya mkandaa.

Mnunuzi huyo hajapotea. Desturi hiyo imetoka kwa wafugaji wa Asia ya Kusini-Mashariki wanaozalisha samaki mpiganaji wa Siam, yule mwenye mapezi marefu anayeuzwa akiwa peke yake ndani ya kikopo. Jani linatoa tanini, linashusha kidogo kipimo cha pH, linapunguza kasi ya baadhi ya bakteria na kuvu, na samaki aliyezoea vivuli hutulia. Ni jambo la kweli, si hirizi.

Sasa lichukue jani hilo ukalitie kwenye tangi la samaki aliyetoka Ziwa Tanganyika. Huyo kwao maji ni maangavu, magumu, yenye alkali. pH yake hucheza kati ya 8.6 na 9.2. Jani moja halitamdhuru, ila halitamfaa kitu. Ukishupaa kuongeza la pili na la kumi kwa kuwa umeambiwa ni la asili, utakuwa unamtoa kwao kidogo kidogo kila siku, naye hana mlango wa kutokea.

Huo ndio mhadhara wangu mzima, na aliye na haraka anaweza kuondoka sasa bila kukosa adabu. Anayetaka kufuga kiasili aulize kwanza: huyu kiumbe kwao ni wapi, huko anakula nini, na huko anakufa kwa nini? Akishapata majibu ndipo azungumze habari ya majani, chupa na dawa.

Nianze na kifo, maana ndicho kinachowaleta watu kwangu. Duka linalomuuzia mtu tangi na samaki siku moja limemuuzia msiba. Siku za kwanza maji ni meupe pe, watoto wamejaa kiooni, baba anapiga picha. Ikifika wiki ya pili samaki wanapanda juu kuhema, matamvua yamewaiva, mmoja amelala ubavu. Mwenye tangi anakimbilia dawa. Anatia ya bluu, anatia ya kijani, na samaki wanakufa kwa utulivu ndani ya maji ya rangi nzuri.

Kilichowaua hakikuwa ugonjwa. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki kikioza hutoa nyingine. Mtoni au ziwani amonia hiyo hupotea katika maji mengi. Ndani ya lita 40 haina pa kwenda. Anayewaokoa samaki ni kiumbe asiyeonekana: bakteria wanaoota juu ya changarawe, juu ya kioo, na zaidi ndani ya sponji ya chujio. Kundi moja hula amonia na kuacha nitriti, ambayo nayo ni sumu. Huigeuza damu ya samaki kuwa ya kahawia na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni. Kundi la pili hula nitriti na kuacha nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia isipozidi. Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja Nitrobacter kuwa ndiye mfanyakazi wa zamu hii ya pili. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake nchini Marekani walichunguza matangi ya maji baridi wakakuta kazi hiyo inafanywa na jamaa wa Nitrospira. Chupa nyingi za bakteria zilizokuwa sokoni wakati huo zilikuwa zimejazwa mgeni asiye na kazi.

Bakteria hawa wa kazi hawazaliwi kwa siku moja. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita kabla ya kuwa tayari, na njia ya mkato iliyo bora kuliko chupa yoyote ni kumwomba rafiki kipande cha sponji chafu kutoka tangi lake la siku nyingi. Ndiyo, chafu. Hapo ndipo wasafi wetu wanapoharibikiwa. Kuna bwana mmoja alinijia akiwa na hasira za haki. "Shikamoo daktari. Samaki wangu hufa Jumapili. Siku nyingine hawafi, Jumapili tu." Nikamuuliza Jumamosi hufanya nini. "Jumamosi nafanya usafi," akajibu kwa fahari. Anatoa maji yote, anaosha changarawe kwa sabuni, sponji anaikamua chini ya bomba mpaka inakuwa nyeupe. Kila Jumamosi alikuwa akiwaua wafanyakazi wake wote kwa sabuni na klorini, halafu akawarudisha wapangaji kwenye nyumba isiyo na choo. Nilimshauri abadilishe robo tu ya maji kwa wiki, na sponji aisuuze ndani ya ndoo ya maji aliyoyatoa humo humo tangini. Maji ya bomba ayalaze ndooni bila kifuniko siku moja au mbili ili klorini iruke. Kama mamlaka ya maji ya mahali hutumia kloramini, hiyo hairuki kirahisi hata ikilazwa siku nyingi, na hapo hakuna ujanja ila dawa ya kuivunja.

Jambo hili la viumbe kusaidiana ndani ya chombo si geni. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alitoa taarifa ya jaribio lake mbele ya wanakemia wenzake. Alikuwa ameweka samaki wa dhahabu na mmea wa majini uitwao Vallisneria ndani ya chombo cha kioo. Mambo yalikwenda vyema mpaka majani ya mmea yalipoanza kuzeeka na kuoza, maji yakavurugika. Badala ya kuyamwaga, Warington aliwatia konokono wa bwawani. Konokono wakala majani yaliyooza na utelezi wa kioo, mayai yao yakaliwa na samaki, maji yakatakata. Baada ya hapo Waingereza walishikwa na wazimu wa matangi ya samaki, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua jumba la samaki kwa watu wote. Warington hakujua habari za Nitrospira. Alikuwa na macho na subira.

Karne moja na nusu baadaye Mmarekani Diana Walstad aliandika kitabu juu ya ikolojia ya tangi lenye mimea, akatetea udongo wa kawaida chini ya changarawe na mimea mingi juu yake. Hoja yake ni kwamba mimea mingi ya majini hupenda kunyonya amonia kabla ya nitrati, kwa hiyo mimea yenyewe ni chujio. Kwetu hoja hii ina uzito wa pekee kwa sababu ya umeme. Tangi linalotegemea pampu likikosa umeme saa nyingi, bakteria waliofungiwa ndani ya chujio lisilopitisha maji hukosa oksijeni na kufa. Umeme ukirudi, pampu inawatemea samaki uozo. Tangi lenye mimea iliyoshiba na samaki wachache huvuka mgao wa mchana bila mtu kujua. Usiku ni habari nyingine: mimea nayo huvuta oksijeni gizani, kwa hiyo mwenye samaki wengi na mimea mingi asilale akidhani amekwisha kupona.

Samaki wachache. Hapa ndipo ninapopoteza marafiki.

Yule mpiganaji wa Siam ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana hafi haraka kikopo kikikosa oksijeni. Wauzaji wameligeuza jambo hilo kuwa tangazo: samaki huyu hupenda kikopo. Kwao ni mashamba ya mpunga na madimbwi ya Thailand, maji ya kina kifupi lakini mapana, ya uvuguvugu, yenye nyasi za kujifichia. Kina kifupi si maji haba. Samaki wa dhahabu naye anaonewa vivyo hivyo. Wachina wamemfuga zaidi ya miaka 1,000, na asili yake ni mabwawa. Anaweza kuzidi sentimita 20 na kuishi miaka mingi. Mmoja wa Uingereza, aliyeitwa Tish, alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Wetu hufa akiwa na miezi minne ndani ya bakuli juu ya meza ya mapokezi, na tunasema samaki hawa hawana maisha marefu.

Sasa twende Kigoma. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani, na nchi nne zinalichangia. Sokoni watu hujua dagaa na migebuka. Mfugaji wa Berlin au wa Chicago hana habari na migebuka, lakini anaijua Ikola. Kijiji hicho cha Katavi, ambako wengi wetu humu hatujafika, ni jina la heshima kwake, kwa sababu kuna samaki wa kundi la Tropheus anayeuzwa kwa jina la Ikola, mwenye mkanda mpana wa njano kiunoni. Samaki hawa huishi kwenye miamba ya kando ya ziwa na hawathubutu kukatiza eneo pana la mchanga. Kwa hiyo kila ufukwe wa mawe umekuwa kisiwa, na kila kisiwa kimejitengenezea rangi zake. Ukivuka mchanga, unakuta Tropheus wa rangi nyingine. Mzamiaji wa Kigoma anayatambua mawe ya kila mmoja kama konda anavyotambua vituo.

Mtazame huyu samaki kwa karibu. Mdomo wake uko chini, mpana, na kazi yake mchana kutwa ni kukwangua utelezi wa kijani juu ya mwamba. Chakula hicho kina lishe ndogo, kwa hiyo anakula bila kupumzika, na utumbo wake ni mrefu kuliko mwili wake mara kadhaa ili upate muda wa kukisaga. Mama hutaga mayai machache makubwa, aghalabu hayafiki 20, akayabeba kinywani karibu mwezi mzima. Ni kiumbe wa subira na wa mboga. Kisha anafika nyumbani kwa mtu anayempenda, na mapenzi ya mtu huyo yamo ndani ya moyo wa ng'ombe uliosagwa. Ndani ya wiki chache tumbo linavimba, samaki anatema chakula, anajitenga pembeni. Dawa za kuvimba zipo na nyingine husaidia zikiwahi. Lakini aliyempa chakula cha majani, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, na akaacha ukuta wa nyuma wa tangi uote kijani bila kuusugua, mara nyingi hajawahi kuzinunua.

Jirani yake ziwani ni mdogo kabisa, dume lake halizidi sentimita 5 hivi, jina lake la kitaalamu Neolamprologus multifasciatus. Yeye huishi ndani ya kombe tupu la konokono, ukoo mzima, kila mmoja na kombe lake. Huchimba mchanga kwa mdomo mpaka kombe lizame na ubaki mlango tu. Ukimwekea tangi lenye mchanga wa sentimita tano na makombe kadhaa, atakuonyesha siasa zote za mtaa: mipaka, ugomvi, upatanisho, watoto kuchungulia mlangoni. Ukimwekea changarawe ya rangi ya waridi na jumba la plastiki, atasimama kwenye kona mpaka afe. Wala hahitaji dawa ya kumchangamsha.

Maji yake hayana gharama kwa mtu wa pwani. Visima vyetu vilivyochimbwa kwenye jiwe la matumbawe hutoa maji magumu yenye chokaa, na kama hayana chumvi ya bahari yanamfaa sana samaki wa Tanganyika na wa Ziwa Nyasa. Mtu huyo huyo akitaka samaki wadogo wa Amazon, wale wenye mstari wa buluu unaowaka, hao kwao maji ni laini yenye asidi; itambidi akinge mvua. Tahadhari moja kwa wapenzi wa Tanganyika: alkali ikipanda, amonia inakuwa kali zaidi. Kwenye joto la nyuzi 25 na pH 7, sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Uzembe unaosamehewa katika tangi la mpiganaji wa Siam hausamehewi katika tangi la Tropheus.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Unguja. Katika madimbwi ya msimu ya kisiwa hicho anaishi samaki aitwaye Nothobranchius guentheri, dume lake lina mkia mwekundu na magamba ya buluu yanayong'aa, jike ni la kijivu. Dimbwi linajaa mvua zikinyesha. Samaki anaanguliwa, anakua kwa pupa, anaoa, anataga ndani ya tope, kisha dimbwi linakauka na wazazi wote wanafariki. Mayai yanabaki udongoni, uhai wake umesimamishwa, yakingoja. Mvua zikirudi, kizazi kipya kinaogelea. Wafugaji wa Ulaya wamemfuga kwa zaidi ya miaka mia, na namna yao ya kumzalisha inatufundisha: hutandaza mboji laini chini ya tangi, mayai yakishatagwa huikamua mboji, huifunga ndani ya mfuko ikiwa na unyevu kidogo, huandika tarehe na kuiweka kabatini miezi kama mitatu. Kisha huimwagia maji ya baridi kidogo, na vitoto hutoka. Bahasha ya mboji inaweza kwenda kwa posta toka Hamburg hadi Tokyo. Hakuna dawa itakayomwongezea samaki huyu miaka mitano. Anayemfuga lazima akubali kiangazi.

Na anayedhani haya ni mambo ya starehe tu amkumbuke chura wa Kihansi. Aligunduliwa miaka ya 1990 kwenye bonde la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, akiishi ndani ya manyunyu ya maporomoko na si kwingine kokote duniani. Bwawa la umeme likachukua sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani. Huko walikufa kwa wingi, wakabaki makumi, mpaka wafugaji wa Bronx na Toledo walipojifunza kuwatengenezea Kihansi ndani ya sanduku la kioo: ukungu wa maji kutoka bomba lenye matundu madogo, taa za mwanga unaofanana na jua, wadudu wadogo waliokuzwa kwa lishe maalumu. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 wengine walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu 2012 wameanza kurejeshwa bondeni, ambako manyunyu ya bandia yamefungwa. Nadhani huo ndio ufugaji wa kiasili uliokomaa kuliko wote, na ulijaa mitambo.

Hilo linanifikisha kwenye sehemu ya mhadhara itakayowaudhi wauzaji wa dawa za mitishamba, ambao baadhi yao nawaona wamekaa mstari wa pili. Karibuni.

Pareto ni ua. Hulimwa katika nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Rwanda, hukaushwa, na sumu yake hupooza neva za mdudu. Hakuna kitu cha asili kuliko hicho. Ukipulizia dawa ya mbu yenye pareto sebuleni, pampu ya hewa inaivuta na kuisukuma ndani ya tangi, na kwa samaki sumu hiyo ni kali mno. Asubuhi utaokota. Zima pampu, funika tangi kwa nailoni, pulizia, fungua madirisha hewa itoke, ndipo ufunue. Na binamu yake wa maabara, permethrin, anayepakwa mbwa kuondoa kupe na viroboto, anaweza kumuua paka, kwa kuwa ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama la mbwa. Watu hupaka paka tone lililobaki kwenye chupa ya mbwa, wakidhani wanaokoa fedha.

Kitunguu saumu nacho. Kuna wanaomlisha mbwa kila wiki kufukuza viroboto na minyoo. Vitunguu vyote, saumu na maji, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na za paka, na paka huumia kwa kiasi kidogo zaidi. Viroboto hawana habari.

Kwa paka, uasilia wake uko mdomoni: ni mla nyama, hana njia nyingine. Mwili wake unahitaji taurini, inayopatikana katika nyama na samaki, nao hauwezi kuitengeneza ya kutosha. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wanaokosa taurini hupata ugonjwa wa moyo kutanuka, na kwamba wakipewa taurini wengi hupona. Paka wa pwani, awe wa Shela au wa Forodhani, anayelala kwenye magati ya samaki hana shida hiyo. Wa bara anayelishwa ugali na maziwa yuko hatarini, na maziwa yenyewe paka wengi wakubwa hawayasagi. Mchemshie dagaa au vichwa vya samaki. Kuchemsha ni muhimu, maana baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Taurini nyingine itatoka na kuingia kwenye mchuzi, kwa hiyo mchuzi usiumwage, mpe nao, mradi hukuutia kitunguu.

Kwa mbwa nitasema neno moja tu, maana lina ukubwa wake. Kichaa cha mbwa hakina mtishamba. Dalili zikishaonekana, kwa mbwa au kwa mtu, mwisho wake ni kaburi karibu kila mara. Kampeni za chanjo zimejengwa juu ya hesabu inayojulikana: asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kuenea. Mtu anayekataa chanjo kwa kuwa anafuga kiasili amesahau kwamba virusi vya kichaa cha mbwa ni vya asili pia.

Turudi majini kidogo, kwani najua mtaniuliza habari za ugonjwa wa vidoa vyeupe. Kimelea chake, Ichthyophthirius, huishi chini ya ngozi ya samaki ambako dawa haimfikii. Akishiba anajidondosha, anajigawa mamia chini ya tangi, na watoto wake wanatoka kutafuta samaki mwingine. Hapo tu ndipo anapouawa. Ndiyo maana kupandisha joto polepole hadi nyuzi 30, kwa samaki anayelivumilia, kunasaidia: kunamharakisha atoke. Chumvi ya kawaida gramu 1 hadi 3 kwa lita hummaliza akiwa nje, na inamkinga samaki dhidi ya nitriti vilevile. Endelea siku kumi hata vidoa vikipotea siku ya tatu. Wengi huacha siku ya tatu.

La mwisho linahusu kuondokana na usichokitaka. Magugu maji yaliyoziba bandari za Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni mmea wa Amerika ya Kusini, uliosambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau linalopamba mabwawa ya bustani. Wavuvi walishindwa kutoa mitumbwi. Ilibidi wadudu wanaoula mmea huo waletwe na kuachiliwa ziwani katika miaka ya 1990. Mimea iliyomo kwenye matangi yetu leo inaweza kufanya hivyo hivyo, na samaki wa dukani aliyetupwa mtoni anaweza kula mayai ya samaki ambao bado hata hatujawapa majina. Kwa hiyo nawaombeni: samaki usiyemtaka mrudishie aliyekuuzia au mpe mwenye tangi. Mimea iliyozidi ianike juani mpaka ikauke kabisa, ndipo uitupe. Maji ya tangi yamejaa nitrati, na kama hukuyatia chumvi, yamwagie mgomba au mchicha. Mtoni yasiende.